Laptopu ya Kikundi na Karatasi ya Waranti



Vikundi vingi vya kujisaidia hapa Uasin Gishu siku hizi vina laptopu. Mweka hazina ndiye huitunza, na ndani yake mna hesabu za akiba, madeni ya wanachama, hata orodha ya waliolipia mbolea. Imenunuliwa kwa michango ya watu thelathini. Ikizima ghafla na kukataa kuwaka, watu thelathini wana neno la kusema. Kwa hivyo tuelewane kuhusu waranti kabla pesa hazijatoka.

Waranti ni ahadi ya maandishi kwamba kitu kikiharibika chenyewe ndani ya muda fulani, kitatengenezwa au kubadilishwa bila malipo. Shikeni hilo neno "chenyewe". Chai ikimwagikia kibodi, laptopu ikianguka kutoka kwa pikipiki, au stima ikirudi kwa nguvu na kuiunguza, waranti nyingi hazihusiki. Nyingi pia hukatika kama fundi mwingine ameshaifungua na kuchana ile stika ndogo ya duka iliyobandikwa chini. Betri nayo huchoka kwa kutumika, na mara nyingi ina masharti yake peke yake.

Watu wengi huuliza waranti ni ya muda gani. Afadhali muulize kwanza ni ya nani. Iko ahadi ya kampuni iliyotengeneza mashine, kama HP, Dell au Lenovo, ambayo kwa laptopu mpya kawaida ni mwaka mmoja. Iko ahadi ya duka lenyewe. Kwa zile zilizotumika ng'ambo, ambazo wauzaji huziita "Ex-UK", mara nyingi hiyo ndiyo pekee utakayopata, na huwa ya miezi michache tu. Halafu iko ile ya kuongezewa: unalipa zaidi ili muda urefuke. Hii wakati mwingine ni ya kampuni ya tatu kabisa, karibu kama bima, na duka linakuuzia tu karatasi. Siku ya shida mwenye duka pale Uganda Road atakwambia, "Sisi hatuhusiki, hiyo inatumwa Nairobi." Ni zaidi ya kilomita 300, na wakati huo wote kikundi hakina hesabu zake.

Chini ya mashine kuna namba yake. Ukiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni, utaona waranti inaisha lini. Fanyeni hivyo mkiwa bado dukani, hata kwa simu ya mmoja wenu. Muulize pia kama inatumika Kenya, kwa sababu waranti nyingine hufuata nchi ambako mashine iliuzwa mara ya kwanza.

Haya, je, hiyo ya kuongezewa inafaa? Tuseme laptopu ni shilingi 50,000, na duka linataka 6,000 zaidi kwa miaka miwili ya ziada. Kwa kikundi cha watu 30 hiyo ni 200 kila mmoja, si nyingi. Lakini ukisoma karatasi ukute betri haimo, kioo kilichopasuka hakimo, maji hayamo, utajiuliza umenunua nini. Kwa maoni yetu, kikundi chenye laptopu moja ni afadhali kiweke zile 6,000 kando ziwe za matengenezo, kitoe humo bei ya kifaa cha kuikinga na stima inayopanda na kushuka, na zikikosa kutumika zibaki za wanachama. Tungesema vingine kama karatasi inataja wazi kuanguka na kumwagikiwa, na kazi inafanyiwa hapa hapa Eldoret.

Jambo ambalo wauzaji hawasemi ni kwamba hata bila waranti ya kulipia, mnunuzi ana haki. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo ni ya tangu 1931, inasema mfanyabiashara akikuuzia kitu cha aina anayouza siku zote, lazima kiwe na ubora unaokubalika. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ikaongeza kwamba maneno ya kujaribu kuifuta ahadi hiyo hayana nguvu. Kwa hivyo ule mstari wa chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, usiwatishe sana. Ila kasoro mliyoiona wenyewe mlipokagua, kama kona iliyovunjika, hiyo mmeikubali. Washeni mashine, chomoeni chaja, jaribuni kila kitufe.

Risiti iandikwe jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, pamoja na namba ya mashine. Risiti yenye neno "laptopu" tu haithibitishi ni ipi.

Ikienda kwa fundi, nakilini kwanza hesabu kwenye flashi kama bado inawaka, kwa maana mafundi wengi hufuta kila kitu ndipo waanze upya. Andikeni ukubwa wa memori na wa diski, fundi atie sahihi, maana kuna wakora hubadilisha vipuri. Bei ya kazi iandikwe kabla hajaanza, na kipuri cha zamani kirudishwe.

Duka likikataa kabisa, pelekeni barua yenye tarehe, mkae na nakala iliyogongwa muhuri. Kutoka hapo kuna Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya wanunuzi. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na Eldoret ipo. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mnaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kesi iandikishwe. Mkienda, bebeni risiti, karatasi ya waranti na ile nakala ya barua.