Rekodi za Waanglikana wa Tanzania

Jengo lenye sifa kuliko yote ya Kanisa Anglikana Tanzania ni Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873 palepale palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka huohuo. Askofu Edward Steere alilijengea kanisa hilo dari la tao, la mawe ya matumbawe na saruji. Wengi walitabiri litaanguka mara miti ya kuliegemeza ikiondolewa. Halikuanguka. Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Lakini rekodi inayonishangaza mimi ni ya kusubirishwa. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) alihamia Unguja, naye Sultani Majid akampa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alikuwa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa akawa kasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupata daraja hilo. Baada ya hapo, kimya. Askofu Mwafrika wa kwanza Tanganyika, Yohana Omari, aliwekwa wakfu mwaka 1955, tena akiwa msaidizi tu, katika Dayosisi ya Central Tanganyika.

Huwezi kusema hapakuwa na mfano wa kuigwa. Mwaka uleule wa 1864, Samuel Ajayi Crowther, mtu wa Afrika Magharibi aliyewahi kuwa mtumwa, aliwekwa wakfu kuwa askofu kule Canterbury. Tanganyika ikangoja miaka 91.

Waafrika walipoanza kupewa uaskofu, walikwenda mbio. John Sepeku alikuwa askofu wa kwanza wa Dar es Salaam mwaka 1965; mwaka 1970, Jimbo la Afrika Mashariki lilipogawanywa kati ya Kenya na Tanzania, yeye ndiye akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Tanzania.

Aliyedumu zaidi katika kiti hicho ni John Ramadhani, 1984 hadi 1998. Naam, Askofu Mkuu Ramadhani. Na askofu wetu wa kwanza alikuwa Omari. Kwa majina haya ya Kiislamu mgeni hushtuka, mwenyeji hata hajiulizi.

Kwa tofauti za ibada nadhani kanisa hili lina washindani wachache. Masasi na Unguja, walikolelewa na UMCA, uvumba unafuka. Dodoma, walikolelewa na misheni ya CMS (Church Missionary Society), hawautaki kabisa. Askofu Mkuu wao ni mmoja.