Betri ikifa, sauti za kinanda kwisha habari yake!

Leo tuwaache kidogo waimbaji na wanenguaji, tumgeukie yule mshikaji anayesimama pembeni ya jukwaa na kinanda chake. Akibonyeza kitufe kimoja unasikia filimbi, akibonyeza kingine zinakuja kengele, cha tatu gitaa la besi. Umeshajiuliza sauti zote hizo zinakaa wapi? Na je, zinaweza kupotea?

Zinapotea, tena zote kwa mpigo! Ndiyo maana nataka unisikilize wewe kijana unayejichangachanga ununue kinanda cha mtumba.

Tuchukue Yamaha DX7, kinanda cha Kijapani kilichoingia sokoni mwaka 1983 na kusikika kwenye nyimbo kibao za miaka ile. Wengi wanadhani ndani yake kuna filimbi na kengele zilizorekodiwa. Wapi! Fikiria pilau. DX7 haitunzi pilau, inatunza karatasi ya mapishi: namba tupu zinazoiambia mashine ichanganye mawimbi gani, kwa nguvu kiasi gani na kwa muda gani. Ukigusa kinanda, inapika palepale.

Mapishi ya sauti moja yanachukua baiti 128 tu, na kinanda kinabeba sauti 32. Piga hesabu: baiti 4,096. Nafasi inayoliwa na picha moja ya simu yenye megabaiti 2 ingetosha sauti zaidi ya 15,000!

Korg M1 ya mwaka 1988 ilikuja na ujanja mwingine. Yenyewe ina milio iliyorekodiwa na kufungiwa kiwandani kwenye memori ya megabaiti 4. Hiyo haifutiki hata ukae mwaka mzima bila kuichomeka kwenye umeme. Lakini namna milio hiyo inavyopangwa na kukolezwa mpaka ikawa sauti unayoichagua, hayo yanakaa kwenye memori nyingine, ile unayoweza kuiandika na kuifuta.

Kasheshe iko hapo. Memori hiyo ya kuandikwa, iwe ya DX7 au ya M1, inasahau kila kitu ikikosa umeme. Sasa mbona ukizima usiku, ukiwasha asubuhi sauti bado zipo? Kuna betri ndani! Ni kijibetri bapa cha duara kama sarafu, cha volti 3, ndugu yake na kile cha kompyuta ya mezani. Wewe ukilala, yeye yuko zamu anailinda memori. Anaweza kukesha hivyo miaka na miaka, ila siku moja nguvu zinamwishia.

Nilimwona mpiga kinanda wa bendi moja ya mtaani yakimkuta. Alikuwa ametengeneza sauti zake mwenyewe kwa miezi kadhaa. Siku ya shoo akawasha, kioo kikaonyesha maandishi yasiyosomeka, na kila kitufe kikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Ikabidi wapige kwa magitaa tu. Kesho yake fundi alibadili betri, kinanda kikawa kizima kabisa. Sauti za kiwandani wakazipakia upya. Zile alizotunga yeye? Basi tena! Jamaa alikaa wiki nzima hataki hata kusalimiwa.

Kwa hiyo ukinunua kinanda cha zamani, swali la kwanza liwe: betri yake ilibadilishwa lini? Kama muuzaji anababaika, iwekee bajeti. Kwenye DX7 betri imechomelewa kwa risasi kwenye bodi, usiing'oe kwa bisibisi nyumbani. Mpelekee fundi, na mwombe akuwekee kishikizo ili siku nyingine iwe kuchomoa na kuchomeka.

Kabla hajaigusa, toa nakala ya sauti zako. Kwa waya wa midi, sauti zote 32 za DX7 zinahamia kwenye kompyuta zikiwa faili moja dogo. Ukiwa na kadi ya memori ya zama zile, angalia vizuri, maana nyingi nazo zina betri yake ndani. Disketi nazo zinaota ukungu, hasa sisi wa joto la pwani.

Jingine: sauti unayoichezea sasa hivi haijahifadhiwa bado. Iko mahali pa muda tu. Kwenye DX7 lazima uondoe kwanza ulinzi wa MEMORY PROTECT, kisha uhifadhi kwa kitufe cha STORE. Usizime kabla ya hapo, mwanangu.

Vinanda vingi vya siku hizi vinatunza sauti bila kutegemea betri, lakini vinaibiwa, vinamwagiwa soda na vinaungua umeme ukiruka. Nakala ni nakala. Betri utaipata dukani, sauti uliyoitunga mwenyewe hakuna duka linaloiuza.

Haya, chukua tano!