Tramu Chini ya Ardhi: Utangulizi kwa Msomaji wa Bonde la Ufa

Anayeanza kusoma habari za usafiri wa mijini huuliza kwanza kama tujenge metro au tramu. Taaluma ninayokukaribisha humu ina swali lake, dogo zaidi na la bei nafuu zaidi: ni kilomita ipi hasa inayoukwamisha mji, na je, hiyo ikichimbiwa handaki, zilizobaki haziwezi kuendelea juu ya ardhi?

Watu wa Boston, Marekani, walilijibu tarehe 1 Septemba 1897. Mtaa wa Tremont ulikuwa umejaa tramu zinazosimama mkia kwa mkia. Wakachimba handaki fupi chini ya mtaa huo na kuziteremsha humo tramu zilezile. Zikishavuka katikati ya mji zilipanda juu tena na kuelekea mitaani kwao, na abiria hakuhitaji kubadilisha chombo. Metro kamili haikubali mambo hayo. Inataka njia yake peke yake mwanzo hadi mwisho, isiyokatizwa na gari wala mwenda kwa miguu, kwa hiyo karibu kila kilomita yake ama izikwe, ama iinuliwe, ama izungushiwe ua.

Wabelgiji waliongeza hila moja. Brussels ilifungua handaki lake la tramu tarehe 17 Desemba 1969 likiwa na stesheni zilizopimwa kwa ajili ya treni kubwa ambazo jiji halikuwa nazo bado. Mwaka 1976 metro kamili ikaanza kupita humo. Wakenya tunaielewa hila hiyo bila mhadhara: ni nyumba ya ghorofa moja iliyoachiwa nondo zikichungulia juu, kwa matumaini ya ghorofa ya pili. Matumaini hayo yana hasara zake pia. Huko huko Ubelgiji, mji wa Charleroi ulijenga stesheni ambazo hazikuwahi kupokea abiria hata mmoja.

Sasa tuje Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Sensa ya 2019 ilihesabu mjini watu wapatao 570,000. Reli ilifika hapa mwaka 1900, na hapa ndipo njia zinapoachana, moja ikielekea Kisumu kupitia Njoro, nyingine ikielekea Eldoret na Uganda kupitia Rongai. Menengai imeziba kaskazini, ziwa limeziba kusini, mji ukabaki kujinyoosha kutoka Lanet hadi Kaptembwo. Kwa mpangaji wa tramu umbo hilo ni zawadi, kwa sababu njia moja hupita karibu na watu wengi. Tramu ya mita 30 hubeba watu wapatao 200, yaani matatu 14 za abiria 14 kila moja. (Na wanaodhani reli za barabarani ni ugeni kwetu wakumbuke kwamba Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na toroli za abiria kwenye reli nyembamba, zikisukumwa na watu.) Lakini tusidanganyane: malori ya masafa marefu yanayopita kwenye barabara ya A8 hayatapungua hata moja kwa sababu ya tramu.

Handaki nalo lina gharama zisizoonekana kwenye picha za wachoraji. Tramu ikishuka mita 7 kwa mteremko wa asilimia 6, inahitaji zaidi ya mita 100 za barabara kwa mdomo wa handaki tu, na kwenye mita hizo hakuna duka linalofikiwa wala kona inayokatwa. Kisha kuna kasoro ambayo wanafunzi wangu huchelewa kuiona: handaki hurithi msongamano wa juu. Lori likifunga njia Kaptembwo, tramu itaingia handakini imechelewa, na zote zilizo nyuma yake, hata zilizotoka kwingine, zitaingoja.

Hayo yote yana dawa. Ardhi ndiyo inayonitia wasiwasi. Nakuru imekaa juu ya majivu na mawe mepesi ya volkano, yaliyokatwa na nyufa za Bonde la Ufa. Maji ya masika hupenya kwenye nyufa hizo, huhamisha majivu kidogo kidogo, kisha siku moja ardhi hutitia. Machi 2018 ufa uliofunguka baada ya mvua kubwa uliikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Ziwa Nakuru nalo limepanda tangu mwaka 2010 hivi hadi likalifunika lango kuu la zamani la hifadhi. Wahandisi wenye fedha kutuzidi wameumizwa na udongo wenye nafuu: mjini The Hague maji yalivamia handaki la tramu mwaka 1998 na kazi ikachelewa hadi 2004, mjini Cologne, tarehe 3 Machi 2009, jengo la nyaraka za jiji liliporomoka kando ya shimo la reli ya aina hii na watu 2 wakafa. Handaki la Ngong la SGR, lenye urefu wa kilomita 4.5 hivi, linathibitisha kwamba ukingo wa Bonde huchimbika. Halithibitishi lolote kuhusu majivu yaliyo chini ya Kenyatta Avenue, ambako juu yake kuna maduka na benki.

Umeme tunao kuliko wengi. Olkaria imekuwa ikiuzalisha kutokana na mvuke tangu 1981, na Menengai yenyewe imeanza. Lakini Addis Ababa, iliyofungua tramu yake ya kilomita 34 hivi mwaka 2015, sehemu kubwa ikiwa juu ya ardhi na kwenye nguzo, inatuonya kuhusu jambo jingine: baada ya miaka michache nyingi kati ya treni zake 41 ziliegeshwa kwa kukosa vipuri. Bajeti ya karakana isomwe kabla ya bajeti ya handaki.

Maoni yangu ni kwamba Nakuru ianzie kwenye ukanda wa reli ya zamani, juu ya ardhi, na kama kuna cha kuchimba kiwe mtaro wa wazi usio na kina kwenye makutano machache ya katikati ya mji. Wenzangu kadhaa hawakubaliani nami, na sura zinazofuata zinawapa nafasi. Ila msomaji mwenye elimu ya jiolojia asisubiri zamu yake mwishoni. Kabla ya mstari wowote kuchorwa kwenye ramani, tunahitaji visima vya uchunguzi kutoka Milimani hadi ufukweni, vipimwe Januari na vipimwe tena Mei, ili tujue maji yanapita wapi na yanabeba nini.