Aliyebaki Naye Ahesabiwe

Mgeni akifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, hakawii kuuliza: watu hukaa hapa muda gani? Kambi ilianzishwa mwaka 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipoingia Turkana kwa miguu. Kalobeyei, kilomita chache kutoka hapo, ilianza kupokea wakimbizi mwaka 2016. Tangu mwanzo ilipangwa iwe makazi ambamo wakimbizi na wenyeji Waturkana watatumia shule, zahanati na masoko kwa pamoja. Swali la mgeni ni jepesi kuliuliza, lakini kulijibu bila kukosea kunahitaji tawi zima la takwimu, lile linalochambua muda unaopita hadi tukio fulani litokee: mgonjwa apone, duka lifungwe, mkimbizi aondoke.

Tujaribu njia mbili za haraka. Ya kwanza, nenda kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Kakuma siku ambayo familia zinasafirishwa kwenda kuanza maisha katika nchi nyingine, uwaulize abiria walikaa miaka mingapi. Utakuwa umewauliza waliomaliza kungoja tu, ukawaacha wote wanaongoja bado. Ya pili, pita nyumba kwa nyumba asubuhi moja. Aliyekaa miezi mitatu akaondoka hayupo wa kukujibu, ila aliyekaa miaka ishirini utamkuta asubuhi yoyote utakayochagua. Tena kila atakayekujibu atakutajia muda ambao haujaisha. Ukirudi mwaka ujao utakuwa umeongezeka.

Makosa ya namna hii yamezunguka dunia nzima. Kwa miaka mingi wanasiasa na mashirika yalirudia kwamba mkimbizi hukaa uhamishoni wastani wa miaka 17. Takwimu hiyo ilitoka kwenye ripoti ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2004, nayo ilipima umri wa migogoro iliyokwama, si muda ambao mtu mmoja amekaa. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Benki ya Dunia, Xavier Devictor na Quy-Toan Do, walipiga hesabu upya. Walipata wastani wa takriban miaka 10, na nusu ya wakimbizi walikuwa wamekaa miaka 4 au pungufu. Tofauti kati ya 10 na 4 inatokana na wachache waliokaa miongo mingi, ambao huuvuta wastani juu. Hata hivyo, huo nao ni muda wa hadi siku ya kuhesabiwa. Mwisho wake haukuonekana.

Muda wa aina hii watakwimu huuona kuwa umekatika. Tunajua ulianza lini, na tunajua kwamba tulipoutazama mara ya mwisho ulikuwa bado unaendelea. Kuutupa ni kosa, na kuuchukulia kana kwamba umekwisha ni kosa pia. Ufumbuzi wake nitauonyesha kwa mfano wa kubuni.

Chukua maduka kumi ya rejareja Kalobeyei, yale ya unga, maharagwe, sukari na mafuta, ambamo wateja walikuwa wakikopa wakingoja Bamba Chakula, msaada wa kununulia chakula, iingie kwenye simu. Tunayafuatilia kwa miezi 18. Kila duka lina saa yake: mwezi wa kwanza ni ule lilipofunguliwa, uwe Januari au Septemba. Mwezi wa 3, duka moja linafungwa. Mwezi wa 5, mwenye duka jingine anahama na habari za duka lake zinakatika. Mwezi wa 8, mawili yanafungwa. Maduka mengine mawili yalifunguliwa miezi sita baada ya wenzao, kwa hiyo utafiti unamalizika yakiwa na miezi 12 tu, nayo yako wazi. Mwezi wa 14, moja linafungwa. Matatu yanafika mwezi wa 18 yakiwa wazi.

Mwenye haraka atachukua manne yaliyofungwa, ajumlishe 3, 8, 8 na 14, agawanye kwa nne, kisha atangaze kwamba duka la Kalobeyei hudumu miezi 8 na kidogo. Mwenye matumaini atasema ni manne tu kati ya kumi yaliyofungwa, kwa hiyo asilimia 60 yamedumu. Wote wawili wamekosea.

Njia sahihi ni kwenda hatua kwa hatua, na katika kila hatua kuuliza: kati ya maduka yaliyokuwa bado wazi mbele ya macho yetu, ni sehemu gani iliyovuka? Mwezi wa 3 yalikuwa kumi, yakavuka tisa: 0.90. Duka la mwezi wa 5 linatoka kwenye hesabu kimyakimya, lakini tayari limeshatoa ushahidi wake kwa kuvuka mwezi wa 3. Mwezi wa 8 yalikuwa nane, yakavuka sita: 0.75. Zidisha 0.90 kwa 0.75, unapata 0.675. Baada ya mwezi wa 12 yale mawili yaliyochelewa yanatoka, yanabaki manne. Mwezi wa 14 yanavuka matatu kati ya manne: 0.75 tena. Zidisha, unapata takriban 0.51. Kwa hiyo zaidi kidogo ya nusu ya maduka hufika mwaka mmoja na nusu. Anayetaka kukopesha wafanyabiashara hawa akishika ile miezi 8, atawanyima mkopo waliostahili kuupata.

Hesabu hii ina majina ya Wamarekani wawili, Edward Kaplan na Paul Meier. Kaplan alishughulikia muda wa kudumu wa vali za kielektroniki katika nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari, na Meier alishughulikia wagonjwa. Kila mmoja aliandika makala yake peke yake. Walishauriwa kuziunganisha, na makala hiyo moja ilichapishwa mwaka 1958. Mwaka 1972 Mwingereza David Cox alipiga hatua nyingine. Yeye alitaka kulinganisha makundi. Katika mfano wetu: je, duka lililosajiliwa kupokea Bamba Chakula hudumu kuliko lisilosajiliwa? Kila duka linapofungwa, njia yake huyatazama maduka yote yaliyokuwa bado wazi yalipofikia umri huo na kuuliza kwa nini limefungwa hili, si yale. Majibu hayo yakikusanywa, tunapata uzito wa kila sababu. Sharti lake ni kwamba uzito huo usibadilike sana kadiri muda unavyokwenda. Kama faida ya usajili huisha baada ya miezi michache, namba moja haitoshi kuieleza.

Mbinu zote hizi lakini zina nguzo moja, na nguzo hiyo ikianguka hesabu yote huanguka nayo. Rudi kwenye lile duka la mwezi wa 5. Tulipoliondoa, tulichukulia kwamba hali yake ilifanana na ya maduka yaliyobaki. Je, kama mwenyewe alihama kwa sababu madeni yalimlemea? Hapo kutoonekana kwake kwenyewe ni habari.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mfano wake uko jirani. Katika kliniki moja ya dawa za VVU mjini Mbarara, Uganda, watafiti wakiongozwa na Elvin Geng walichunguza rekodi za wagonjwa zaidi ya 3,600. Kati yao, 829 walikuwa wameacha kuonekana. Walichaguliwa 128 miongoni mwa hao, na mfuatiliaji akatumwa kuwatafuta. Alipata habari za 111, na 32 kati yao walikuwa wamefariki. Kwa kutegemea daftari la kliniki peke yake, vifo vya mwaka wa kwanza vilikuwa asilimia 1.7. Walipoingiza habari za waliotafutwa, vilifika asilimia 7.5. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008.

Turkana ina kila sababu ya kulizingatia somo hilo. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita, na katika miezi sita ukame unaweza kumfanya mfugaji ahamishe mifugo hadi upande wa Uganda. Jina lake likikoma kwenye daftari, huenda amepona, huenda anatibiwa kwingine, huenda amefariki. Kompyuta haiwezi kuchagua kati ya hayo matatu. Anayeweza ni mhudumu wa afya wa jamii anayejua familia ile imeelekea wapi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye madaftari: wauguzi wa zahanati, makarani wa ofisi za usajili, makatibu wa vyama vya kukopeshana. Kwa kila jina andikeni mambo matatu: tarehe alipoanza, tarehe alipoonekana mara ya mwisho, na sababu ya kutoonekana tena, kama inajulikana. Wasiojulikana waliko, chagueni wachache kwa bahati nasibu muwatafute. Na msilifute jina la mtu kwa sababu tu hadithi yake haijaisha. Siku zake alizokwisha kuzipitisha ni ushahidi kamili.