Mpira wa wavu una aina nyingi, na ploti moja yatosha kuucheza

KITENGELA ni mji uliokua kwa ploti. Ardhi iliyokuwa malisho ya Wamaasai na mapito ya wanyamapori imegawanywa vipande vya futi 50 kwa 100, na nafasi za wazi za vijana kuchezea zimezidi kupungua.

Hata hivyo, mpira wa wavu, au voliboli, ni miongoni mwa michezo michache ya timu inayotoshea katika kipande kimoja cha aina hiyo. Ploti hiyo ni takriban mita 15.2 kwa 30.5, ilhali kiwanja kamili, pamoja na mita tatu za ziada kila upande, huhitaji mita 15 kwa 24.

Mchezo huo ulibuniwa mwaka wa 1895 na William G. Morgan katika mji wa Holyoke, jimbo la Massachusetts, Marekani. Tangu hapo umezaa aina kadhaa, kila moja na sheria zake.

Aina inayojulikana zaidi ni ya wachezaji sita kila upande, ambayo ndiyo iliyoipeleka timu ya taifa ya wanawake wa Kenya, Malkia Strikers, kwenye Olimpiki za Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo na Paris 2024. Kiwanja ni mita 18 kwa 9. Wavu huwa mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake.

Timu huruhusiwa kuugusa mpira mara tatu kabla ya kuuvusha, na mguso wa kuzuia kwenye wavu hauhesabiwi. Kila inapoipokonya timu pinzani zamu ya kuanzisha mpira, wachezaji wake husogea nafasi moja kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Mshindi ni anayetwaa seti tatu za pointi 25, ile ya tano ikiwa ya pointi 15.

Voliboli ya ufukweni huchezwa na watu wawili kila upande bila wachezaji wa akiba, katika kiwanja cha mita 16 kwa 8. Hapa mguso wa kuzuia huhesabiwa, hivyo timu hubakiwa na miguso miwili tu. Mshindi hutwaa seti mbili za pointi 21. Ya tatu huwa ya pointi 15.

Katika seti mbili za kwanza, timu hubadilishana pande kila pointi saba zinapofungwa, ili upepo na jua visimnufaishe mmoja. Sheria hiyo ina maana kubwa katika nyanda za Kajiado, ambako upepo ni mkali kiasi cha kuzungusha mitambo ya umeme kwenye vilima vya Ngong.

Tatizo ni mchanga. Kanuni za kimataifa zinataka kina cha angalau sentimita 40, yaani zaidi ya mita 120 za ujazo kwa kiwanja na ukingo wake. Katika kaunti ambayo uchotaji mchanga mitoni umezua migogoro na kuharibu kingo, gharama hiyo si ya fedha pekee.

Aina ya tatu, voliboli ya kuketi, ilianzia Uholanzi katika miaka ya 1950 na ikaingia Michezo ya Paralimpiki mwaka wa 1980. Kiwanja ni mita 10 kwa 6, na wavu ni mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake.

Wachezaji ni sita kila upande. Sehemu ya mwili kati ya makalio na mabega sharti iguse sakafu mchezaji anapopiga mpira, isipokuwa kwa muda mfupi anapouokoa. Tofauti na aina nyingine, mpira wa kuanzisha unaweza kuzuiwa kwenye wavu.

Ipo pia voliboli ya theluji, ya wachezaji watatu na seti za pointi 15. Wakazi wa Loitokitok huiona theluji ya Kilimanjaro kila kukicha, lakini mchezo huo watausikia tu.

Kwa shule ya Kitengela yenye uwanja finyu, voliboli ya kuketi ndiyo yenye manufaa ya haraka. Inahitaji mita za mraba 60 badala ya 162, na mwanafunzi mwenye ulemavu wa miguu hucheza sawa na wenzake badala ya kuachwa pembeni akilinda mabegi yao.

Tahadhari ni moja: udongo mweusi wa eneo hilo hupasuka wakati wa kiangazi na kugeuka tope mvua inaponyesha. Anayeketi anahitaji sakafu laini, na ukumbi wa mikutano au darasa kubwa lililoondolewa madawati laweza kutosha kwa mazoezi.