Kodi, Ada na Mchango: Istilahi za Malipo ya Shule na ya Mwalimu

Mara nyingi katika mikutano ya vijiji na mitaa husikika swali hili: "Ikiwa kodi tunalipa, kwa nini tuombwe tena fedha za mwalimu?" Swali hilo ni la haki, wala si la mkaidi. Lakini aghalabu jibu linalotolewa huzidisha mashaka, kwa kuwa barua na matangazo yanayomfikia mwananchi huyatumia maneno kodi, ada na mchango kana kwamba ni kitu kimoja. Katika makala haya tunakusudia kuzieleza istilahi hizo, pamoja na zile za mapato ya mwalimu na za uongozi wa shule, ili wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wazitumie kwa maana moja.

1. Fedha zitokazo kwa mwananchi

Kodi ni malipo ya lazima yaliyowekwa kwa sheria, ambayo hayamnunulii mlipaji huduma yoyote mahsusi. Ushuru hutozwa juu ya bidhaa, mathalani ushuru wa forodha, au ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri. Ada ni malipo ya huduma maalumu. Nchini Kenya ada ya shule huitwa karo. Mchango ni kile mtu akitoacho kwa hiari yake. Kwa hiyo "mchango wa lazima" ni maneno yanayopingana: mchango ukilazimishwa umekwisha kuwa kodi isiyo na sheria.

Nchini Tanzania ada za shule za msingi za serikali zilifutwa mwaka 2001, na Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukafuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Serikali ilitumia maneno "elimumsingi bila malipo". Watu wakasema "elimu bure". Neno bure lina maana nyingine ya kitu kisicho na faida, tena lamsahaulisha msikilizaji kwamba yupo alipaye, naye ni mlipa kodi. Hata "bila malipo" halikidhi haja, maana sare na madaftari bado hununuliwa na mzazi. Twaona kwamba "elimu isiyo na ada" ndiyo yenye maana bayana.

2. Malipo ya mwalimu

Mshahara ni malipo ya kila mwezi kwa kadiri ya cheo na daraja. Posho hutolewa kwa sababu maalumu. Posho ya kufundishia, kwa mfano, ilikuwa miongoni mwa madai ya Chama cha Walimu Tanzania katika mgomo wa Julai 2012. Nyongeza ni kile kinachoongezwa juu ya mshahara uliopo. Malimbikizo ni haki ambayo mtumishi alikwisha kustahili lakini hakulipwa kwa wakati wake.

Tofauti hii ya mwisho si ndogo. Mwalimu aliyepandishwa daraja, kisha akakaa miezi mingi na mshahara wa zamani, siku akilipwa hupokea malimbikizo. Ofisa akiandika "nyongeza", mlipa kodi atadhani mwalimu amependelewa, kumbe amelipwa deni.

Hapana budi pia kukumbuka kwamba mshahara wa mwalimu wa serikali hutoka Hazina. Kijiji kikikubaliana kumlipa kijana anayesaidia kufundisha kwa sababu walimu ni wachache, malipo hayo yaitwe "posho ya mwalimu wa kujitolea", yasiitwe mshahara. Tangazo likisema hivyo, swali la mkutanoni litakuwa limekwisha kujibiwa nusu.

3. Vyombo vya uongozi

Kwa mujibu wa Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978, shule ya msingi ina kamati ya shule, na shule ya sekondari ina bodi ya shule. Vivyo hivyo, kiongozi wa shule ya msingi ni mwalimu mkuu, na wa sekondari ni mkuu wa shule. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, hushughulikia ajira, vyeo na nidhamu. Siyo inayolipa mishahara. Mfasiri asiichanganye na tume ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1967, ambayo huajiri na kulipa.

Hatari ni kubwa zaidi katika maandishi ya Marekani. Huko, mahali pengi, wapiga kura huichagua bodi moja isimamie shule zote za eneo, na sehemu kubwa ya fedha hutokana na kodi ya majengo. Ndiyo maana mlipa kodi wa huko huihoji bodi juu ya mishahara ya walimu. Tukiandika "bodi ya shule", msomaji wetu atafikiri ni bodi ya sekondari moja. Twapendekeza "bodi ya elimu ya eneo". Wala mfasiri asiandike "kodi ya nyumba", kwani hiyo ni ya mpangaji kwa mwenye nyumba.

Mwananchi asiyejua alilipa nini hawezi kujua amhoji nani. Kwa hiyo twawaomba waandikao nyaraka na matangazo ya shule wataje mambo matatu: jina sahihi la malipo, chombo kilichoyaidhinisha, na atakayetoa hesabu.