Nauli si gharama yote ya safari

Mfanyabiashara mwenye ulemavu anayetoka Kata ya Susuni, wilayani Tarime, kwenda kuuza ndizi Sirari hupiga hesabu tofauti na wenzake. Nauli ni ile ile kwa abiria wote, lakini gharama za safari si zile zile. Huduma ya usafiri kwake inafaa kupimwa kwa mambo matatu.

Kwanza ni gharama kamili. Kwa mfano, tuseme nauli ni shilingi 2,000. Baiskeli ya magurudumu matatu ikitozwa kama mzigo shilingi 2,000, na msaidizi naye akilipa nauli, safari ya kwenda tu imefikia shilingi 6,000. Kwenda na kurudi ni 12,000, wakati mwenzake ametumia 4,000. Kama mauzo ya siku yanaacha 10,000 kabla ya usafiri, mwenzake anabaki na 6,000, yeye amepata hasara ya 2,000.

Pili ni muda. Aliyepitwa na magari mawili hufika sokoni walanguzi wakiwa wamekwisha nunua, na bei imeshuka.

Tatu ni kupanda na kushuka. Bodaboda hufika hadi mlangoni, lakini haina pa kuweka baiskeli. Bajaji ina sakafu ya chini na kiti chenye egemeo. Katika mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza 2016, jukwaa la kituo liko usawa wa sakafu ya basi. Vijijini hakuna majukwaa, hivyo chombo chenyewe ndicho cha kuchagua.

Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, watu wenye ulemavu waligeuza hesabu hiyo: baiskeli zao za magurudumu matatu zilibeba bidhaa za wafanyabiashara kwa malipo. Kilichokuwa mzigo kikawa mtaji.

Nafasi kama hiyo ipo Tarime. Tangu 2018, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi. Asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Kikundi kinachotaka kukopa kununua bajaji kianze na gharama kamili: kila mwanachama anaokoa kiasi gani kila siku ya soko, na marejesho ni kiasi gani. Kikitumia nauli peke yake, bajaji itaonekana ghali kuliko ilivyo.